Nusu ya Chini Ilikuwa Yangu

Siku tuliyomzika mume wangu, pole zote alipewa mwanamke mwingine.

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kile chenye mto, ndani ya gauni jeusi nililolishona mwenyewe usiku kucha huku naona vibaya kwa kulia. Akaja mama mmoja mnene wa kamati ya mazishi, akaniinamia, akaninong'oneza kwa adabu zote:

"Mama, samahani. Hebu sogea kule nyuma kidogo, tumpishe mjane akae."

"Mjane gani?"

"Si huyo anayeingia, jamani."

Nikageuka. Bi Pazia alikuwa anaingia kwa ile hatua yake ya jukwaani: hatua tatu, anasimama, anaegemea ukuta, anavuta pumzi, hatua tatu tena. Miwani nyeusi, leso nyeupe. Watu wakainuka. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikainuka pamoja nao. Nikampisha! Nilikuwa mjane wa tangu alfajiri ya jana yake, na kabla ya saa sita nikavuliwa cheo.

Watu wakapanga mstari kumpa mkono. Akalia. Alilia vizuri, siwezi kumsingizia. Alilia hata mchimba kaburi akaweka koleo chini akaomba dakika mbili ajikusanye. Mimi nilikuwa nalia kama watu wanavyolia, kwa makamasi, na anayelia kwa makamasi hapewi mkono na mtu.

Binti yangu akaja mbio, macho yanawaka. "Mama, nikamtoe pale?"

"Mwache."

"Nimwache vipi? Hicho kiti ni chako!"

"Baba yako kamwoa yule mara mia mbili na kitu, mbele za watu, kwa shela na maua. Mimi alinioa mara moja tu, mvua ikinyesha, mashahidi wawili, na mmoja alikuwa dereva wa teksi. Kwa wingi wa ndoa, yule ni bi mkubwa."

Nilisema kwa mzaha, lakini ulimi ulikuwa mchungu. Maana kuna swali moja lilinikaa kooni miaka thelathini na miwili, na sasa mwenye jibu alikuwa anafukiwa. Maneno matamu aliyokuwa akinitamkia mume wangu nyumbani kila jioni, yalikuwa yangu? Au mimi nilikuwa mfereji tu, yanapita kwangu kwenda kumwagilia bustani ya mwenzangu?

Ngoja nianze mwanzo, msije mkasema bibi kaharibikiwa.

Mume wangu watu walimwita Machozi. Kabla hajawa Machozi alikuwa karani wa ghala la saruji, kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. Siku moja mfuko ulipasuka juu ya kichwa chake, vumbi lote likamwingia jicho la kushoto. Liliwaka wiki nzima. Lilipopona, likabaki na tabia moja: likipigwa na mwanga mkali, linachuruzika maji. La kulia kavu kama jiwe.

Ndivyo alivyozaliwa msanii. Kikundi cha maigizo kilikuwa kinafanyia mazoezi kwenye ukumbi uliopakana na lile ghala. Siku ya onyesho, aliyekuwa aigize baba aliyefiwa akaumwa tumbo, wakamkokota karani wa jirani asimame tu pale, asiseme neno. Taa zikawashwa. Jicho likaanza. Tone la kwanza, la pili, halafu mfululizo. Watu wakasema hawajaona ajabu kama hiyo: mwanaume analia kwa jicho moja, na lile la pili linamkodolea adui yake! Mwongozaji wa mchezo alipiga magoti. Tangu hapo watu wa safu ya kwanza walikuja na miavuli, na kuna mzee alipanda mboga chini ya kiti chake, akavuna mara mbili kabla msimu wa michezo haujaisha. Mkibisha, kaulizeni ule ukumbi. Ulishabomolewa, lakini nendeni.

Mimi nilijua ni saruji. Nilinyamaza maisha yote, na leo nasema kwa kuwa mwenyewe hawezi kunikata jicho.

Nilikuwa mshona nguo wa kikundi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jukwaa, hakina dirisha, kimejaa makoti ya majemadari na magauni ya mabibi harusi, vyote vinanuka jasho la mtu mmoja. Nilikuwa na cherehani ya miguu niliyoachiwa na mama yangu. Mkanda wake ulikuwa umelegea. Ukikanyaga mara tatu, unateleza, gurudumu linasita kama mtu aliyesahau kitu, halafu linashika tena. Taka, taka, taka... ta. Taka, taka, taka... ta. Ukizoea, huisikii.

Machozi aliingia mle kujaribishwa koti, akakaa. Kesho yake akarudi, koti halina tatizo. Siku ya tatu koti alilirarua mwenyewe, niliona uzi ulivyokatwa kwa wembe. Nikajua huyu kaja kuoa.

Na kweli tukaoana, nikaihamishia cherehani jikoni kwetu, kwa sababu nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kimoja kilikuwa cha kulala. Hapo ndipo ikaanza kazi yetu ya siri.

Machozi hakuwa na kichwa cha kukariri. Kusoma alijua, tatizo maneno hayakukaa. Mimi kwa upande wangu shule niliiona kwa nje, kama maskini anavyoiona benki, lakini kichwa changu kilikuwa gundi. Neno likitua, limetua. Basi ikawa hivi: mchezo mpya ukija, anausoma kwa sauti mara moja tu, wote, kuanzia mfalme mpaka mwizi, mimi niko kwenye cherehani nashona. Akimaliza, makaratasi anayatupa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa. Kuanzia hapo kitabu ni mimi. Akikosea namrekebisha. Akisahau nampa neno. Na wale wengine wote anaoongea nao mchezoni, nawajibia mimi: mama mkwe mimi, hakimu mimi, mbwa akibweka mimi.

Na mke wake pia mimi. Mke wake wa mchezoni.

Mke huyo alikuwa Bi Pazia. Walimwita Bi Pazia kwa kuwa pazia halikufunguliwa bila yeye. Zamani alikuwa opereta wa simu, na sauti yake, walisema, ilifanya watu wapige namba wasizozitaka. Kiuno, tabasamu, shingo, kila kitu alipewa kwa kipimo kilichojaa mpaka kumwagika. Mimi nilimpima kila mwezi kwa futi yangu, kwa hiyo siongei kwa kusikia. Nilikuwa namshonea magauni ya kuolewa na mume wangu. Hebu yarudieni hayo maneno polepole, muone yanavyochoma. Namshonea, kwa mikono yangu, magauni ya kuolewa na mume wangu.

Basi jioni, chai iko mezani, Machozi anasimama katikati ya jiko, ananyoosha mkono: "Wewe ndiye pumzi yangu. Ukiondoka, nani atanivutia hewa?"

Na mimi kwenye cherehani najibu maneno ya yule: "Nitakuachia kivuli changu kikulinde."

Sasa mimi ni mtu. Maneno kama hayo, ukiambiwa, unataka umtazame anayekuambia. Nikaacha kukanyaga, nikainua uso.

"Shona," akasema.

"Nini?"

"Shona, shona. Usisimame."

Nikainama nikashona, machozi ya macho yote mawili yakilowesha pindo la gauni la Bi Pazia. Kila siku ikawa hivyo. Nikisimama kidogo tu nimwangalie, ananikata: shona. Nikasema moyoni, kumbe hataki hata kuniona. Anataka sikio langu lifanye kazi, sura ataitafuta kwingine.

Halafu kuna ule mkanda. Alipoanza kuvaa viatu vya ngozi halisi, nikamwomba aninunulie mkanda mpya wa cherehani. Kitu kidogo, hata fundi baiskeli angekipata.

"Mkanda huo usiuguse," akasema.

"Umelegea, baba watoto. Unanichelewesha."

"Uache hivyohivyo."

Wiki hiyohiyo nikamwona Bi Pazia shingoni ana skafu mpya ya hariri. Nikamuuliza kwa ulimi wa asali nani kamtunuku. "Mume wangu," akanijibu huku akicheka, "wa pale," na kidole kikaelekea jukwaani. Pengine ilikuwa zawadi ya kikundi kizima. Sikuuliza. Mtu akiwa na kijiba cha roho hataki ushahidi, anataka kuni. Skafu ya hariri kwa yule, na mimi mkanda wa cherehani umekatazwa!

Ndipo nikafanya nililofanya.

Kulikuwa na mchezo mpya, wa baharia anayemuaga mkewe. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mmoja mwenye mvi na shinikizo la damu. Mwisho kabisa baharia anashika mikono ya mkewe, taa zote zinabaki juu yao, anasema: "Nitarudi, mpenzi wangu, hata kama bahari itakauka nije kwa miguu."

Machozi akasoma mara moja, karatasi zikaenda kikapuni. Wiki ya kwanza nilimfundisha sawasawa. Wiki ya pili alipokwama kwenye "Nitarudi..." akasimama, kidole hewani, anasubiri nimpe neno.

Nikampa. "Dada yangu."

"Nitarudi, dada yangu," akasema, "hata kama bahari itakauka nije kwa miguu."

"Hapohapo," nikasema. Taka, taka, taka... ta.

Hakushtuka! Alipokuwa anakariri alikuwa kama mtu anayepokea matofali, hatazami tofali limeandikwa nini, analipanga tu. Nikampigisha sentensi ile mara hamsini. Kwenye mazoezi na wenzake sehemu ya mwisho hawakuipitia kwa maneno. Mwongozaji alikuwa na ushirikina wake: sentensi ya mwisho ya mchezo haisemwi mpaka siku yenyewe, eti itapoa. Waliishia kwenye kushikana mikono, wakapiga makofi, wakaenda kunywa soda. Mimi nilikuwa naujua huo ushirikina kama mfuko wangu.

Ikafika Jumapili, alasiri, ukumbi umefurika. Mimi niko chumba cha nguo, sindano mdomoni, sikio ukutani. Jukwaa lenyewe sikuliona, sikuwahi kuliona hata siku moja. Mshonaji kazi yake ni nyuma. Nikasikia ukimya ule wa mwisho. Jicho la saruji bila shaka lilishaanza kazi, maana niliwasikia kina mama wanavuta pua.

"Nitarudi," sauti ya Machozi ikatetemeka, "dada yangu..."

Ukumbi mzima ukasema "Haa!" kwa pamoja, kama puto linalotoboka. Mwalimu mwandishi nikamsikia anaanguka, na kiti chake.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema leo ndoa ya mia na kumi na nne imevunjika! Nani atawaamini tena mtu na dada yake?

Nilisahau Bi Pazia ni nani. Mwanamke yule hakukosa pumzi hata moja. Nikasikia kisigino chake kinagonga mbao.

"Dada? Miaka saba nakupikia, leo nimekuwa dada? Baharia, hebu funua hilo sanduku! Huko bandarini kuna nani anayeitwa mke?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Machozi naye, kwa kuchanganyikiwa, akazidi kububujika jicho moja, na kadiri alivyobubujika ndivyo walivyocheka. Wakapigiwa makofi nusu saa. Mchezo wa huzuni ukageuka wa kuvunja mbavu, ukaonyeshwa msimu mzima, na mwezi wa tatu wakaja watu wa televisheni wenye suruali za mifuko mingi. Wakasema: hawa wawili wana moto, tunawataka kwenye tamthilia, mume na mke wanaogombana, kila wiki, mwaka mzima.

Mwaka ukawa kumi na tisa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na changu nilikichimba kwa sindano.

Siku ile ya kwanza, lakini, alipotoka jukwaani alikuja moja kwa moja chumba cha nguo. Hakuvua hata kofia ya ubaharia.

"Dada imetoka wapi?"

"Dada gani?"

"Mama watoto."

"Labda ulisoma vibaya," nikasema. "Mimi nitajuaje? Mimi mwanamke wa kusoma?"

Akanitazama sana. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Nyuma yake Bi Pazia akachungulia mlangoni, bado anahema kwa makofi aliyopigiwa.

"Hujambo, wifi?" akaniambia. "Si kaka yangu... ah, samahani, mume wako, kaniita dada? Basi wewe ni wifi yangu." Na tangu siku ile hakuniita jina lingine. Miaka yote, wifi. Wifi, nipunguzie hapa kiunoni. Wifi, leo mume wetu kaamkaje? Kila nikisikia hilo neno, kama mtu ananichoma kwa pini niliyomnunulia.

Makaratasi ya mchezo uliofuata hayakuja jikoni kwangu. Machozi aliyaweka chini ya kwapa, akasema anakwenda kukaririshwa na mwenzake, kwake, kwa sababu huko maneno yanafika yakiwa mazima. Akaondoka saa kumi, akarudi jua limezama. Kesho hivyo. Keshokutwa hivyo.

Sitaki kuwadanganya nyinyi watu, na hapa ndipo pekee nisipodanganya: siku zile nililala nikiwa nimeshika shati lake. Nilisema safari hii nimempeleka mwenyewe. Nilimshonea yule shela, sasa nimemfungulia na mlango.

Siku ya sita nikachukua gauni lililonyooshwa, kisingizio, nikaenda. Nyumba ya Bi Pazia ilikuwa na ua wa saruji na madirisha ya vioo. Sikubisha hodi. Nikapita upande wa dirisha, nikainua jicho moja tu, kama la marehemu.

Walikuwa wamekaa mezani, kikombe kwa kikombe. Bi Pazia anasoma, kidole kwenye karatasi. "Sema: sitamsahau aliyenifunga vifungo nikiwa na homa."

"Sitamsahau..." akasema Machozi. Anatazama juu. "Sitamsahau..."

"Aliyenifunga vifungo."

"Najua. Ngoja."

"Mara ya ishirini hii, mwanaume! Umekula nini?"

Alikuwa anasikiliza kitu, shingo imepinda, kama mtu anayengoja mlango ugongwe. Mimi nikaona nini? Nikaona mwanaume aliyezama kwenye mapenzi mpaka kapoteza kauli. Ndivyo nilivyotafsiri. Nikarudi nyumbani na gauni langu, njiani nimelikunja kama tambara.

Siku ya tisa akaingia jikoni saa kumi na moja, makaratasi yamejikunja. Akayaweka juu ya cherehani, akavuta kigoda.

"Kule hakukaririki," akasema.

"Kwa nini? Chai yao mbaya?"

"Shona."

"Kwanza niambie..."

"Shona, mama watoto. Na ukinibadilishia tena neno, nitakula viazi vya kuungua mwaka mzima kwa hiari yangu kuliko kukusamehe."

Nikashona. Sikubadilisha neno tena, ingawa yalikuja maneno, jamani, ambayo hata mtakatifu angeyabadilisha. Ila jibu lake sikulipenda. Kule hakukaririki. Nikasema kumbe karudi kwa ajili ya kichwa changu. Huko anakosa utulivu kwa sababu ya mapenzi, hapa ana utulivu kwa sababu hakuna mapenzi. Mtu mwenye wivu ukimpa sukari ataionja chumvi.

Tukaingia kwenye miaka ya televisheni. Kwenye ile tamthilia walikuwa wanakaa mezani, wanagombana, wanapatana. Kamera iliwachukua kuanzia kifuani kwenda juu. Basi nilikuwa nikiwaambia majirani: mimi nina mume wa nusu. Nusu ya juu, yenye tai na nywele za kupakwa mafuta, ni ya Bi Pazia na taifa zima. Nusu ya chini, yenye soksi zilizotoboka na goti linalolia, hiyo ni yangu. Walicheka wale wanawake vibaya, wakasema bibi wewe, umechukua iliyo bora! Wacheni uhuni. Mimi nilikuwa nasema soksi.

Sokoni nilikuwa nasikia: "Mke wa Machozi jana kavaa vizuri!" Nikisema mimi ndiye mke wa Machozi, muuza nyanya ananiangalia kwa huruma, ananiongezea moja. Siku moja walikuja waandishi wa gazeti nyumbani, wakampiga picha Machozi sebuleni, wakaniambia, "Mama, chai yako nzuri, umefanya kazi hapa muda mrefu?" Machozi akawaambia, "Huyu ndiye mwenye nyumba." Wakaandika anaishi nyumba ya kupanga.

Alizeeka, jicho likazidi kuchuruzika hata bila taa, kazi zikapungua. Mchezo wa mwisho aliigiza babu asiyekumbuka wajukuu zake, wiki tatu kabla hajalala moja kwa moja. Tuliukariri jikoni kama kawaida, taka, taka, taka... ta, mkanda uleule wa miaka yote, sasa umeungwa kwa uzi. Na Bi Pazia, nani mwingine, aliigiza bibi.

Sasa turudi msibani.

Siku ya nne baada ya mazishi, watu wametawanyika, binti yangu kaenda kazini, nikasikia hodi. Hatua tatu, kimya, hatua tatu. Nikajua.

"Wifi."

"Karibu, mjane," nikamwambia.

Akaketi bila kungoja kukaribishwa, akavua miwani. Alikuwa kazeeka. Haki ya Mungu, nilifurahi nusu dakika, halafu nikakumbuka nami nina kioo.

"Usinikasirikie kwa kile kiti," akasema. "Waliniburuta. Ukishakuwa mke miaka thelathini, unasahau kukataa."

"Umekuja kuchukua nini kilichobaki? Soksi?"

Hakucheka. Akainama, akavua kiatu cha kulia, kile cha ngozi laini, akapandisha mguu wake kwenye kigoda cha marehemu, mbele ya uso wangu.

"Tazama kidole hicho."

Nikatazama. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kama tangawizi, ukucha mweusi, umekufa na kuzikwa.

"Hiki ni cha mumeo," akasema. "Miaka thelathini na miwili. Kila nikikaa naye meza moja, kila tukisimama karibu, akianza tu kusema maneno yake, mguu wake unaanza. Chini huko, watu hawaoni. Ananikanyaga! Nimevaa viatu vya chuma, nimekaa pembeni, nimeomba meza pana. Ananifuata. Na macho hayapo kwangu kamwe. Yanapita juu ya bega langu, yanatazama chini kidogo, kama kuna mtu kaketi kule nyuma kainama. Nimeambiwa maneno ya mapenzi, wifi, kuliko mwanamke yeyote aliye hai, na hakuna hata moja nililoambiwa nikiwa natazamwa."

"Anakanyagaje?"

"Si anakanyaga tu."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe vipi?"

"Wewe ni mwigizaji. Niigizie."

Akaniona kama mwendawazimu, lakini kazi ni kazi. Akashusha mguu, akaukunjua ule wayo mlemavu, akagonga sakafu ya jiko langu.

Moja, mbili, tatu. Akasita. Moja kidogo. Kisha moja, mbili, tatu. Akasita.

"Hivyo," akasema. "Daima anasita hapo. Hata alipokuwa mgonjwa, mchezo wa mwisho, maneno yote yamemtoka, nikafikiri leo tumeaibika mbele ya kamera. Mguu ukaanza wenyewe, tatu na kusita, tatu na kusita, na maneno yakaja yote, hakupoteza hata moja. Madaktari wangu wawili wameshindwa kuniambia ni nini. Wewe umelala naye. Ulikuwa ugonjwa gani ule?"

Cherehani ilikuwa hatua mbili kutoka pale alipokaa, imefunikwa shuka kwa ajili ya msiba. Ningeinuka tu nikakanyaga, angejua yote. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyetembea mbali kuja kuuliza, na nilimwonea huruma. Kweli nilimwonea.

Lakini kile kiti cha msibani kilikuwa na mto.

"Ugonjwa wa ukoo," nikamwambia. "Baba yake alikuwa nao. Babu yake alikanyaga mpaka akatoboa kitanda."

"Hauna dawa?"

"Hauna, shoga yangu. Pole sana."

Akavaa kiatu chake polepole, akanyanyuka, akanipa mkono. Nikaupokea. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwangalia anavyoondoka, hatua tatu, anasimama, hatua tatu, na safari hii nikaona kwamba hakuwa anaigiza. Kile kidole kilikuwa kinamuuma.

Nikarudi, nikavuta ile shuka. Binti yangu aliporudi jioni alinikuta nakanyaga cherehani tupu, haina kitambaa wala uzi.

"Mama, unashona nini?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Baba yako anaongea."